Kidudu Kisichoshika Hakina Nguvu
Somo juu ya kolera na magonjwa mengine ya kuhara

Ndugu msomaji, somo hili ni kwa ajili ya nyumba yako. Ulisome polepole. Kama unajua kusoma, uwasomee wale wasiojua, hasa akina mama wenye watoto wadogo na wazee wanaokaa peke yao. Mwisho wa somo kuna maswali. Mkiweza kuyajibu yote, mmelishika somo.

1. Watu wawili, bidoni moja

Mara nyingi tunaona jambo hili. Watu wawili wa nyumba moja wamekunywa maji ya bidoni moja. Usiku mmoja wao anaanza kuhara. Kabla ya jua kutoka macho yake yamezama, sauti yake imepotea, hawezi kusimama. Mwenzake anaamka vizuri na kwenda kazini.

Ndipo maneno yanaanza. Mmoja anasema, "Ametiwa sumu." Mwingine anasema, "Ni uchawi, maana maji yale yale tuliyanywa sisi wote." Jirani anamtazama jirani kwa jicho baya. Na wakati watu wanatafuta mwenye kosa, mgonjwa anaendelea kukauka kama mboga iliyong'olewa.

Jibu la jambo hili si la siri. Kumeza kidudu cha ugonjwa ni jambo moja. Kushikwa na kidudu hicho ni jambo la pili. Kidudu kinachopita tumboni bila kupata mahali pa kushika kinatoka na mavi, nawe huoni kitu. Kidudu kinachoshika ndicho kinachozaa, na kinachozaa ndicho kinachoua. Mambo yote ya somo hili yanatoka katika neno hili moja: kushika.

2. Walinzi wanne wa tumbo

Mwili wako haukuachwa bila ulinzi. Kila siku tunameza vidudu vingi pamoja na chakula na maji, lakini hatuugui kila siku. Kwa nini? Kwa sababu njani wako walinzi wanne.

Mlinzi wa kwanza ni maji makali ya tumbo. Haya ni machungu kupita siki, nayo huua vidudu vingi. Wataalamu walipowapa watu wazima wenye afya vidudu vya kolera katika maji matupu, iliwapasa kumeza zaidi ya milioni mia moja ndipo waugue. Lakini vidudu vikifichwa ndani ya chakula, au maji makali ya tumbo yakipunguzwa kwa dawa, vidudu vichache zaidi vinatosha. Mtu mwenye utapiamlo pia ana mlinzi dhaifu hapo mlangoni.

Mlinzi wa pili ni mwendo. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6, nao haukai kimya. Unakaza na kulegea, unasukuma vitu mbele saa zote. Kitu kisichoshika husukumwa mpaka nje.

Mlinzi wa tatu ni ute. Ndani ya utumbo kumepakwa ute mzito, kama ule wa puani. Vidudu vinanasa katika ute huu, na ute unapotoka unavichukua.

Mlinzi wa nne ni ngozi ya ndani yenyewe. Chembe za mwili zinazofunika utumbo hazikai siku nyingi. Baada ya siku 3 hadi 5 za zamani zimeanguka na mpya zimechukua mahali pao. Kidudu kilichoshika chembe ya zamani kinaweza kuanguka pamoja nayo.

Basi, kidudu kinachotaka kukaa tumboni kina kazi kubwa. Kinapaswa kupita maji makali, kupinga mwendo, kupenya ute, na kushika kwa nguvu.

Mmekwisha kuona mmea ule uitwao kishona-nguo. Mbegu zake ni nyembamba kama sindano, na kwenye ncha zina meno madogo. Ukipita shambani mbegu nyingi huanguka chini, lakini zile zilizopata uzi wa nguo yako hushika, nawe unazibeba mpaka nyumbani. Mbegu isiyo na meno haiwezi kukufuata. Vidudu vya kuhara ni hivyo hivyo. Vyenye hatari ni vile vyenye meno ya kushikia.

3. Mikono ya kidudu cha kolera

Kolera ndio ugonjwa ambao wengine huuita kipindupindu. Kidudu chake ni kidogo mno. Ukivipanga 500 kwa mstari, urefu wao wote ni karibu milimita 1 tu. Macho hayawezi kukiona. Ni lazima kutumia hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo. Umbo lake limepinda kidogo kama alama ya mkato katika kuandika. Kina mkia mmoja, na kwa mkia huo kinaogelea upesi sana. Mwaka 1854 Filippo Pacini alikiona katika matumbo ya watu waliokufa katika mji wa Firenze, Italia, lakini wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1884 mganga Mjerumani, Robert Koch, alikionyesha tena, na watu wakaanza kuamini.

Sasa angalieni jinsi kinavyofanya kazi ndani ya tumbo. Kuna hatua nne.

Hatua ya kwanza, kinaogelea. Kwa mkia wake kinasukuma ute na kuingia ndani yake, mpaka karibu na ngozi ya utumbo.

Hatua ya pili, kinashika kwa mkono wa kwanza. Juu ya mwili wake kina kitu kinachojua kushika namna fulani ya sukari iliyomo katika ute. Na hapa kuna ajabu. Sukari hiyo hiyo imo katika magamba ya wanyama wadogo sana wanaoelea majini, ndugu wa kamba na kaa, ambao ni wadogo kuliko mbegu ya haradali. Kidudu cha kolera hupenda kuwashika wanyama hao na kusafiri nao. Mkono unaoshika gamba majini ni mkono ule ule unaoshika ute tumboni. Kwa hiyo kidudu hiki kinaweza kukaa majini bila mtu, kikingoja.

Hatua ya tatu, kinatoa nyuzi. Kidudu kikisikia kwamba kimefika ndani ya mtu, kinaota nyuzi nyembamba sana. Nyuzi za kidudu kimoja zinasokotana na nyuzi za kingine, kama nyuzi za katani zinavyosokotwa kuwa kamba. Ndipo vidudu vingi vinafungwa pamoja kuwa kikundi, vimeng'ang'ania ukuta wa utumbo, na mwendo wa tumbo hauwezi tena kuvitoa. Hapo vinazaana.

Je, nyuzi hizo ni kitu kikubwa kweli? Ndiyo. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walitangaza jaribio lao. Walichukua vidudu vya kolera wakaviharibu ili visiweze kutoa nyuzi. Watu waliojitolea walivimeza chini ya uangalizi wa waganga. Vidudu vile havikuweza kukaa matumboni mwao. Vilikuwa hai, lakini havikushika.

Hatua ya nne, kinatoa sumu. Hata sumu yenyewe inashika! Imeumbwa na sehemu sita. Sehemu tano zimekaa duara kama mkono wenye vidole vitano, nazo zinashika chembe ya utumbo. Sehemu ya sita inaingia ndani. Ikiingia, inafungua mlango wa chumvi na kuuacha wazi. Chumvi inatoka mwilini kuingia utumboni, na maji yanaifuata chumvi. Kidudu chenyewe hakikuingia ndani ya nyama ya mwili, wala hakikukata wala kula kitu. Kilishika tu mlangoni na kuharibu kufuli.

Ndiyo sababu mavi ya kolera hayana damu. Ni meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Hesabu mwenyewe: bidoni ya lita 20 ikitobolewa na kuvuja lita 1 kila saa, kesho asubuhi utakuta nini? Na mwili wa mtu hauwezi kuvumilia kukauka kama bidoni. Mgonjwa anaweza kufa katika saa chache.

4. Mambo yaliyoonekana katika nchi yetu ya mawe

Sisi wa Kanyaruchinya tunakaa kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo. Ardhi yetu ni mawe ya moto wa mlima yaliyopoa. Mvua ikinyesha, maji yanazama upesi kati ya mawe, wala hayafanyi mto. Mwenye kuchimba choo anavunja jembe. Kwa hiyo mambo mawili yanayozuia kolera, yaani maji mengi safi na choo kirefu, ndiyo yaliyo magumu kwetu kuliko kwa watu wa mahali pengine.

Wazee wanakumbuka mwezi wa saba wa mwaka 1994. Katika siku chache tu, kuanzia tarehe 14, watu kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma na kandokando yake, wakikimbia kutoka Rwanda. Walikaa juu ya mawe haya haya, huko Kibumba, Katale na Mugunga. Vyoo havikuwepo. Wengi walichota maji ya Ziwa Kivu na kuyanywa hivyo hivyo. Kolera ikatokea katika juma la kwanza. Katika mwezi mmoja karibu watu 50,000 walikufa, na wengi wao waliuawa na kuhara: kwanza kolera, kisha kuhara damu. Mawe yalikuwa magumu hata kuwachimbia makaburi.

Hapa Kanyaruchinya penyewe palikuwa na kambi ya watu waliokimbia vita mwaka 2012. Tena mwisho wa mwaka 2022 maelfu na maelfu walifika kutoka Rutshuru, wakajenga vibanda kando ya barabara, shuleni na makanisani. Maji yaliletwa kwa magari, nayo hayakutosha. Kabla mwaka haujaisha, kolera ilitangazwa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2023 watu wa Nyiragongo na Karisimbi walipewa chanjo ya kumeza.

Tunayasema haya si kwa kuwatia hofu, wala kwa kuwalaumu waliokimbia. Mkimbizi haleti ugonjwa kwa kupenda. Tunasema ili mwone kwamba kidudu kile kile, chenye mikono ile ile, kinashinda mahali ambapo watu ni wengi, maji ni machache, na mavi hayana pa kwenda.

5. Vidudu vingine vyenye mikono

Kolera si peke yake. Mtajifunza juu ya vingine vitatu, maana si kila kuhara ni kolera.

Cha kwanza ni ndugu wa vidudu vya kawaida vya tumbo. Ndani ya kila mtu wako vidudu viitwavyo koli, na vingi vyao havina ubaya. Lakini viko vingine vilivyoota nywele za kushikia utumbo mwembamba, navyo vinatoa sumu inayofanana na ya kolera. Hivi huwaharisha sana watoto wadogo, na wageni waliotoka nchi za mbali.

Cha pili ni koli ya namna nyingine, inayopenda watoto wachanga. Hii ina ujanja mkubwa. Inakuta chembe ya utumbo haina mahali pazuri pa kushika. Basi inapiga sindano yake na kuingiza ndani ya chembe kitu chake yenyewe. Kitu hicho kinajitokeza juu ya ngozi ya chembe, na kidudu kinakishika. Ni kama mgeni mbaya anayekuja nyumbani kwako na msumari wake mwenyewe, anaupigilia ukutani, kisha anatundika mfuko wake na kusema, "Nitakaa hapa."

Cha tatu ni kidudu cha kuhara damu, kiitwacho shigela. Kolera inakaa mlangoni, lakini shigela inaingia ndani ya nyumba. Inajipenyeza katika ukuta wa utumbo mnene, inatoka chembe moja na kuingia nyingine, na kuacha vidonda. Kwa hiyo mgonjwa ana homa, tumbo linakata, na mavi yana damu na ute. Tena kidudu hiki hakihitaji jeshi kubwa. Vidudu 10 hadi 100 tu vyatosha kumwangusha mtu. Kiasi hicho chaweza kukaa chini ya ukucha mmoja. Mwaka 1994 shigela ya Goma haikusikia dawa nyingi zilizokuwa za kawaida.

Mkiona damu katika mavi, msijaribu dawa za sokoni. Nendeni kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo.

6. Jinsi ya kukinyima kidudu mahali pa kushika

Sasa tumejua nguvu ya kidudu iko wapi. Basi tukipige hapo hapo.

*Maziwa ya mama.* Mama, usiyadharau maziwa yako. Ndani yake mna askari wa mwili wako, wanaovifunika vidudu mikono yao ili visishike. Tena mna sukari za namna nyingi ambazo mtoto hazimlishi. Zingine zinafanana na mahali pa kushikia palipo utumboni. Kidudu kinashika sukari badala ya kumshika mtoto, na vyote viwili vinatoka pamoja katika nepi. Kwa miezi 6 ya kwanza mpe mtoto maziwa yako tu, bila maji, bila uji. Akihara, usimwachishe. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

*Chanjo ya kolera.* Chanjo hii inamezwa. Inafundisha tumbo kutengeneza askari wanaokifunga kidudu, ili kisiogelee wala kushika. Haidumu maisha yote, wala haizuii kuhara kwa namna nyingine. Kwa hiyo aliyechanjwa asiache kunawa. Lakini chanjo ikiletwa mtaani, usikose kwenda.

*Sabuni.* Vidudu na uchafu hushika pia ngozi ya mkono kwa mafuta. Maji peke yake hupita juu ya mafuta. Sabuni inalegeza mafuta, na vidudu vinaachia na kwenda na maji. Kama sabuni hakuna, sugua kwa jivu safi. Nawa baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, na kabla ya kunyonyesha. Msinawe wote katika beseni moja. Mmoja amwagie mwenzake.

*Maji.* Maji ya kunywa yatiwe dawa ya klori kama ilivyoandikwa kwenye kifurushi, kisha yakae nusu saa. Au yachemshwe mpaka yatokote sana kwa dakika 1 hadi 3. Maji yakiwa na takataka, yachujwe kwanza. Katika vijiji vya Bangladesh akina mama walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa cha pamba cha zamani, kilichokunjwa mara kadhaa. Taarifa ya mwaka 2003 ilisema kolera ilipungua karibu nusu. Sababu yake mmekwisha kuijua: kitambaa kinawazuia wale wanyama wadogo, na vidudu vilivyowashika vinazuiwa pamoja nao. Lakini kuchuja hakutoshi. Baada ya kuchuja, tia klori au chemsha. Weka maji katika bidoni yenye kifuniko, wala mtu asitumbukize kikombe wala mkono.

*Choo.* Mahali ambapo mwamba unakataa jembe, choo kijengwe kwa kuinuliwa juu ya ardhi, na tundu lifunikwe. Msitumie nyufa za mawe kama choo, maana hatujui zinakopeleka uchafu. Mavi ya mtoto nayo yana vidudu. Yatupwe chooni.

*Mazishi.* Aliyekufa kwa kolera bado ana vidudu vingi katika uchafu wa mwili wake. Waiteni watu wa afya watayarishe maiti kwa klori. Aliyeosha maiti asipike chakula cha wafiwa. Kumheshimu aliyetutoka hakupungui kwa kuwalinda walio hai.

7. Mgonjwa akiwa nyumbani: usimnyime maji

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo kwalo watu wengi wamepoteza watoto wao. Mama anaona mtoto anahara. Anawaza, "Kila nikimpa maji, anayatoa. Nikimnyima, kuhara kutakoma." Bibi anamwunga mkono. Mtoto analia kiu, halafu analia bila machozi, halafu halii tena.

Ndugu, kuhara hakutokani na maji unayompa. Kunatokana na ule mlango wa chumvi uliofunguliwa na sumu. Umnyime maji au umpe, mlango bado uko wazi. Tofauti ni hii: ukimpa, anaishi mpaka mlango ufungwe. Ukimnyima, anakauka.

Lakini maji matupu hayatoshi, maana amepoteza na chumvi. Na hapa kuna habari njema. Utumbo una mlango mwingine, wa kuingizia chumvi pamoja na sukari, na sumu ya kolera haikuugusa mlango huo. Chumvi na sukari zikifika pamoja, mlango unafunguka, na maji yanaingia mwilini pamoja nazo. Chumvi peke yake haiingii vizuri. Sukari peke yake haitoshi. Zote mbili kwa kipimo, ndiyo dawa.

Dawa hii ilipata sifa katika kambi ya wakimbizi kama tulizoziona sisi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mganga wa India Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, mpakani. Maji ya kutia mishipani yalimwishia, na wagonjwa walilala chini. Akachanganya chumvi na sukari katika mapipa, akawapa ndugu za wagonjwa vikombe ili wawanyweshe wenyewe. Kati ya wagonjwa 100, kwanza karibu 30 walikuwa wakifa. Baada ya dawa hiyo, walikufa chini ya 4. Akina mama na dada wenye kikombe waliokoa watu wengi kuliko sindano.

Basi fanya hivi:

1. Kama una kifurushi cha dawa ya kuhara (ORS), kimwage chote katika lita 1 ya maji safi, ukoroge. Usikigawanye katika vikombe.
2. Kama huna, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visiwe na mlima. Onja: yasiwe na chumvi kupita machozi. Chumvi nyingi ni hatari.
3. Mpe baada ya kila kuhara. Mtoto wa chini ya miaka 2, robo hadi nusu ya kikombe. Mtoto mkubwa, nusu hadi kikombe kizima. Mtu mzima, kadiri awezavyo.
4. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena, kijiko kwa kijiko. Usikate tamaa.
5. Endelea kumpa chakula chepesi, na mtoto maziwa ya mama.
6. Dawa iliyobaki baada ya siku moja, imwage, utengeneze nyingine.
7. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki vya kituo cha afya kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Usimpe mtoto dawa za kufunga tumbo. Mwendo wa tumbo ni mlinzi. Usimfunge mlinzi mikono wakati adui yuko ndani.

Umpeleke kituoni bila kungoja asubuhi ukiona moja la mambo haya: kuhara maji meupe mengi, macho yamezama, mdomo umekauka, hakojoi, ukivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, inarudi polepole, hawezi kunywa, amelegea au hasikii anapoitwa, au ana damu katika mavi. Mnyweshe njiani, hata akiwa juu ya pikipiki au amebebwa kwa chukudu. Kituoni watamtia maji mshipani, na mgonjwa mzito watampa dawa ya kuua vidudu. Mgonjwa wa kolera aliyefika mapema na kupewa maji ya kutosha, karibu kila mara hupona.

8. Mambo ya kukumbuka

Kidudu kilichomezwa hakijashinda bado. Kinashinda kikishika.
Maziwa ya mama, chanjo, sabuni na klori hukizuia kabla hakijashika.
Kikishashika, maji yenye chumvi na sukari huulinda uhai wa mgonjwa mpaka mwili ukitoe. Kumbukeni kwamba ngozi ya utumbo huwa mpya baada ya siku chache. Kazi yako ni kumfikisha mgonjwa kwenye siku hizo akiwa hai.

Maswali

1. Kwa nini watu wawili wanaweza kunywa maji mamoja, na mmoja tu akaugua?
2. Taja walinzi wanne wa tumbo.
3. Vidudu vya kolera visivyo na nyuzi vilifanya nini ndani ya watu waliojitolea?
4. Kolera na kuhara damu vinatofautianaje katika njia ya kumwumiza mtu? Mavi yake yanatofautianaje?
5. Jirani yako anamnyima maji mtoto anayehara. Utamwambia nini?
6. Katika lita 1 ya maji, sukari ni vijiko vingapi? Chumvi je?
7. Tazama nyumbani kwako leo. Mahali pa kunawia pako wapi? Bidoni ya maji ya kunywa ina kifuniko? Kama hakuna, utafanya nini kabla ya jua kuzama?